Mzee Milimita Aitundika Kamba Yake

Tunawaomba radhi wasomaji wa jarida hili la karakana kwa kimya cha miezi mitano. Toleo la Desemba lilikuwa limekwisha kupangwa, na ukurasa wake wa kwanza ulibeba wasifu wa Fundi Mkuu wa Umeme, ambaye sote tunamwita Mzee Milimita. Alipaswa kustaafu tarehe 31 ya mwezi huo. Siku kumi na mbili kabla ya tarehe hiyo aliingia ofisini, akavua kofia, akaomba wasifu wake uondolewe. Alisema hawezi kuagwa kwa sifa ambazo haijulikani kama anazistahili. Ukurasa ule ulibaki mtupu, nasi hatukuona haki kuujaza kwa matangazo, kwa hiyo jarida zima likasubiri. Sababu ya ombi lake mtaisoma hapa chini. Kwa sasa yatosha kusema kwamba jambo lenyewe limekwisha salama, na kwamba Mzee Milimita anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Mei, baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na moja na miezi mitano. Hiyo miezi mitano aliiongeza mwenyewe.

Alipoajiriwa, karakana ilikuwa banda moja la mabati na kazi yake ilikuwa kunyoosha mabodi ya malori. Yeye aliletwa kufunga taa za nyuma na honi. Wafanyakazi wa zamani wanakumbuka kwamba siku ya kwanza alikuja na bisibisi tatu zilizofungwa kwenye leso, na kwamba mpaka leo bisibisi mbili kati ya hizo zingali zikifanya kazi. Ya tatu iliazimwa na fundi mpaka rangi mmoja miaka ishirini na sita iliyopita. Mzee Milimita hajaacha kuiulizia. Kila mpaka rangi mpya anayeajiriwa huulizwa habari zake siku ya kwanza, hata kama alikuwa hajazaliwa bisibisi ilipopotea.

Miaka kumi na minne iliyopita karakana ilianza kutengeneza magari ya kulala, yaani yale ambayo nyuma ya kiti cha dereva yana kitanda, jiko dogo, sinki na friji, na juu ya paa yana paneli za sola. Wateja walikuwa watu waliotaka kusafiri miezi kadhaa bila kutegemea hoteli wala waya wa jirani. Hapo ndipo kazi ya taa za nyuma ilipogeuka kuwa kazi ya fikra, na hapo ndipo Mzee alipopata jina lake.

Kila mteja alikuja na swali kuhusu paneli: ziwe ngapi, za ukubwa gani, za kampuni ipi. Yeye aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza kuhusu waya, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Ni milimita ngapi? Wengi walimwonyesha waya mnene waliokuja nao mkononi. Aliuchukua, akachuna ncha yake kwa kisu, akawaonyesha kwamba unene wote ulikuwa wa plastiki na shaba ya ndani ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Waya, alisema, haununuliwi kwa koti lake. Hupimwa kwa milimita za mraba za shaba iliyomo ndani. Aliyasema hayo mara nyingi hivi kwamba walinzi wa getini waliacha kutumia jina lake la cheti, na baada ya muda hata orodha ya mishahara ililazimika kuandikwa majina yote mawili.

Namna yake ya kuchagua waya ilikuwa na maswali matatu. Paneli zitaleta ampea ngapi jua likiwa kali? Umeme utasafiri umbali gani kutoka paani hadi kwenye betri? Na mwenye gari yuko tayari kupoteza kiasi gani njiani? Swali la tatu alilijibu mwenyewe bila kumshauri mtu: sehemu tatu katika mia, na isizidi hapo. La kwanza lilisomwa kwenye kibandiko cha paneli. La pili ndilo lililomtia jasho, kwa sababu hakukubali kulijibu kwa futi wala kwa macho. Alitumia kamba.

Alichukua kamba ya katani, akaifunga pale ambapo waya ungeanzia paani, akaipitisha kila mahali ambapo waya ungepita: kando ya dirisha la juu, ndani ya kabati, nyuma ya sinki, chini ya kitanda, hadi kwenye betri. Akaikata hapo. Daktari mmoja wa meno alimcheka, akamwambia kwamba gari lake lina urefu wa mita sita, kwa hiyo waya nao ni mita sita, mjadala umekwisha. Mzee Milimita hakubishana. Alimpa ncha ya kamba, akamwomba aongoze njia. Daktari alipanda ngazi, akashuka, akaingia kabatini kichwa kikitangulia, akatambaa, na hatimaye akafika kwenye betri akiwa amepiga magoti, suruali yake nyeupe ikiwa na mavumbi mpaka kiunoni. Kamba ilipimwa: mita nane na nusu.

"Haya," Mzee alimwambia, "sasa rudi."

"Nirudi wapi?"

"Ulikotoka, daktari. Umeme nao unarudi. Hauji kwako kulala."

Ndiyo kusema, mita nane na nusu ya njia ni mita kumi na saba ya waya, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Asiyehesabu kurudi amechagua waya wa nusu safari. Ili jambo hilo lisisahauliwe, Mzee aliweka kanuni ya mafundo, ambayo haimo katika kitabu chochote bali katika karakana hii tu. Kamba yenye fundo moja mwishoni ilikuwa na urefu wa kwenda peke yake. Anayeipima lazima azidishe mara mbili. Kamba yenye mafundo mawili mwishoni ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kwenda na kurudi; anayeipima asizidishe tena. Kila kamba ilifungwa kibandiko chenye namba ya gari, ikaviringwa, ikatundikwa ndani ya kabati la kijani lililo karibu na mlango wa stoo. Kabati hilo sasa lina kamba mia moja sabini na mbili. Wageni hudhani ni duka la kamba.

Katika miaka hiyo kumi na minne, mpaka Desemba iliyopita, hakuna gari hata moja lililorudishwa kwa sababu ya waya wake. Alifundisha mafundi kumi na mmoja. Taarifa zake za kazi aliziandika kwa sentensi kamili, zenye kiima na kiarifu, jambo ambalo ofisi hii inalitaja kwa shukrani kwa sababu mafundi wengine huandika "tayari" na kwenda zao. Wa mwisho katika wanafunzi wake ndiye atakayemrithi: fundi wa kike tunayemwita Dada Fyuzi, kwa kuwa siku ya usaili aliulizwa kama ana swali, akauliza kwa nini taa ya ofisi ya meneja haina fyuzi. Aliajiriwa siku hiyo hiyo.

Basi, Desemba. Tarehe 19 simu ililia. Aliyepiga ni mkunga mstaafu ambaye miezi miwili kabla alikuwa amekabidhiwa gari lake, la mia moja sitini na nane. Anasafiri na mume wake, na mume wake anatumia insulini ambayo sharti ikae kwenye friji. Asubuhi hiyo alifungua friji akakuta ina vuguvugu na taa imezimika. Mkunga si mtu wa kupaniki. Amezalisha watoto zaidi ya elfu mbili. Alitia barafu ya dukani ndani ya chupa ya chai, akaitia dawa humo ikiwa imefungwa kwa kitambaa, ndipo akapiga simu.

"Fundi wangu," alisema, na wote tuliokuwa karibu tulimsikia maana simu ilikuwa kwenye spika, "sikulaumu, ila nataka kujua. Paneli ziko juani siku nzima, betri hazijai. Leo friji, kesho nini? Mimi nikae na mgonjwa wangu barabarani au nirudi nyumbani?"

Mzee alimwomba arudi, tena polepole, na kila asubuhi anunue barafu mpya. Kisha alilifungua faili la makabidhiano. Karatasi ya makabidhiano ya gari hilo ilikuwa na saini yake. Meneja alisema ni betri. Msimamizi wa stoo alisema ni friji. Mpaka rangi, ambaye hakuulizwa, alisema ni mawingu. Mzee alisema tu kwamba hastaafu mpaka ajue. Kama kosa ni lake, alitaka kuondoka akiwa analijua, na kama magari mengine yana kosa hilo hilo, hakutaka mtu mwingine afungue friji na kukuta vuguvugu. Ndiyo siku aliyokuja kuuondoa wasifu.

Gari liliwasili tarehe 8 Januari. Lilipimwa kwa mita ya umeme jua likiwa la saa sita. Kwenye paneli umeme ulikuwa mzuri. Kwenye betri, mwisho wa waya, takriban volti moja nzima ilikuwa imepotea njiani. Asiye fundi ataona volti moja ni kitu kidogo. Lakini paneli ikipata joto kali nguvu yake ya kusukuma hupungua, na ile volti moja ndiyo iliyokuwa ijaze betri. Kwa hiyo betri zilishiba nusu kila siku, zikaliwa zote kila usiku, na alfajiri friji ikazimika. Hakukuwa na hatari ya moto, jambo ambalo lilituletea pumzi ya kwanza. Lakini mbao za kabati zilipofunguliwa, waya uliotokea ulikuwa wa milimita sita. Kwa ampea ishirini na njia ile ndefu, ulipaswa kuwa wa kumi na sita.

Waya huo alikuwa ameuchagua Dada Fyuzi. Mwezi Septemba Mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, akapumzishwa wiki mbili. Kabla ya kwenda alikuwa amekwisha kuvuta kamba ya gari hilo na kuitundika. Dada Fyuzi aliitoa kabatini, akaona mafundo mawili, akaipima, akapata mita tisa. Mafundo mawili maana yake kwenda na kurudi, hakuzidisha. Akachagua unene wa kutosha mita tisa wakati kwenda na kurudi kulikuwa mita kumi na nane; na kwa kuwa waya hukatwa kutoka kwenye roli ukiwa umekwisha kupitishwa, urefu wake haukumshtua mtu. Mzee aliporudi, jicho lingali limefunikwa, waya ulikuwa umekwisha kufichwa nyuma ya mbao. Alisoma hesabu karatasini, akaiona ni sahihi, akasaini.

Dada Fyuzi alikwenda kwenye benchi lake akaanza kukusanya vifaa vyake. Alisema mbele ya watu kwamba hafai kukabidhiwa karakana yenye rekodi ya miaka kumi na minne, naye ameivunja katika wiki mbili. Meneja alisimama mlangoni, na ilionekana wazi kwamba hakuwa na hakika kama amzuie.

Mzee Milimita alikwenda kwenye kabati la kijani, akaitoa kamba namba mia moja sitini na nane, akaivaa miwani yake, akaipeleka nje kwenye mwanga. Aliigeuza mkononi kwa muda mrefu. Fundo la mwisho lilikuwa lake, alilijua. Fundo la pili, lililokuwa shibri moja kutoka la kwanza, lilikuwa na ncha mbili zilizotokeza ubavuni. Halikuwa fundo la kuhesabu. Siku hiyo alikuwa ameanzia kwenye betri na kumalizia paani, na kamba ilikuwa imekatikia kwenye bawaba ya dirisha la paa wakati anaivuta, naye, badala ya kuchukua kamba mpya, akaunga kipande na kuendelea na kazi. Aliikumbuka hata siku yenyewe, kwa sababu jicho lilikuwa likimuuma na alitaka kushuka paani.

Alirudi ndani akaiweka kamba mbele ya Dada Fyuzi.

"Mwanangu, rudisha plaisi mahali pake. Hili fundo ni langu."

"Lakini Mzee, mimi ndiye niliyepima."

"Umepima ulichokikuta. Niliyekwambia mafundo mawili yana maana gani ni mimi. Niliyefunga la pili bila maana ni mimi pia. Wewe kosa lako ni moja tu: gari lenyewe lilikuwa limesimama hapo, na hukulitembea."

"Nilikuamini."

"Basi ndiyo hilo. Usiniamini tena. Vuta yako."

Dada Fyuzi alicheka huku akifuta machozi kwa kiganja chenye grisi, akajichora masharubu, na hakuna aliyemwambia mpaka saa nane mchana.

Waya wa milimita kumi na sita uliwekwa siku mbili baadaye. Dada Fyuzi alivuta kamba yake, Mzee akavuta yake, kila mmoja peke yake, na zilipolazwa sakafuni zilipishana kwa upana wa vidole vitatu. Kufikia saa tisa alasiri betri zilikuwa zimejaa. Mkunga alilala ndani ya gari usiku wa kwanza hapa hapa uani, akaja asubuhi na kipimajoto mkononi kama aliyeleta cheti cha kuzaliwa, akakipitisha kwa kila fundi akitazame. Mume wake alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari akinywa chai, akatuambia kwamba sasa angalau mkewe ataacha kuamka kuipapasa friji na ataanza kumpapasa yeye kama ana homa. Waliondoka adhuhuri.

Wengi tulidhani hapo ndipo mwisho. Mzee hakudhani hivyo. Kama aliunga kamba moja, huenda aliunga nyingine. Kuanzia katikati ya Januari yeye na Dada Fyuzi walizitoa kamba zote mia moja sabini na mbili kabatini, wakazikagua moja moja. Zilizokuwa zimeungwa zilikuwa tano, pamoja na ile ya mkunga. Wenye magari manne yaliyobaki walitafutwa kwa simu na kwa barua. La kwanza lilikuja Februari, nalo lilikuwa na waya sahihi, kwa kuwa Mzee alikuwa amelipima mwenyewe akijua fundo lake. La pili na la tatu yalikaguliwa Machi, nayo yalikuwa sawa. La nne halikupatikana. Mwenye gari, mpiga picha wa ndege, alikuwa amebadilisha namba ya simu. Aprili yote ilipita. Mzee alikuja kazini kila siku, akafunga taa, akafundisha, na kila posta ilipofika alisimama mlangoni bila kujifanya kwamba anapita tu.

Tarehe 20 Mei mpiga picha alijitokeza mwenyewe, bila kuitwa, kwa sababu alitaka kubadilishiwa pampu ya sinki. Walinzi waliyafungua mageti yote mawili, kitu ambacho hufanyiwa meneja peke yake, na maskini hakujua kwa nini anapokewa hivyo. Kabla hajamaliza kueleza habari za pampu, Dada Fyuzi alikuwa amekwisha kuingia chini ya kitanda chake akiwa na kamba, na Mzee akiwa juu ya paa ameshika ncha nyingine. Mbao zilifunguliwa. Waya ulikuwa wa milimita kumi na sita.

Mzee Milimita alikaa pale pale juu ya paa. Alivua kofia, akajipepea. Aliuliza mara mbili ni milimita ngapi, na mara zote mbili aliyesoma alikuwa Dada Fyuzi. Kisha akasema ashushiwe ngazi, kwa sababu ana barua ya kuandika. Barua hiyo, ya kuomba kustaafu, yenye mistari minne na isiyo na kosa hata moja, ndiyo iliyotufikisha kwenye ukurasa huu.

Kuna mabadiliko ambayo ameyaacha. Kanuni ya mafundo imefutwa kwa ombi lake. Kila kamba sasa inavutwa na mafundi wawili, kila mtu ya kwake, na iliyokatika hutupwa. Kamba namba mia moja sitini na nane haikutupwa. Ameitundika mwenyewe kwenye msumari juu ya benchi la Dada Fyuzi, na hakuandika chochote chini yake.

Mzee Milimita, karakana hii inakushukuru kwa miaka uliyodaiwa na kwa miezi uliyojitwisha mwenyewe. Tunamshukuru pia mke wako, Mama Pacha, aliyekuwa amekwisha kufunga mizigo Desemba na akalazimika kuifungua. Uende ukiwa na afya njema, macho yote mawili yakiona, na maisha yako ya mapumziko yawe marefu na mepesi. Kuhusu bisibisi, uchunguzi unaendelea.

Limebaki jambo moja. Wasomaji wengi wametuuliza Mzee na Mama Pacha wataanza safari lini kwa lile gari lao kuukuu, lililokuwa la kubebea mikate. Kitanda kimekwisha kuwekwa, jiko limo, kamba mbili zimevutwa na zimelingana. Kilichobaki ni paneli. Mzee anataka mbili. Mama Pacha anataka tatu, kwa kuwa anakwenda na cherehani yake ya umeme na hakusudii kuomba ruhusa ya kushona. Wiki iliyopita walikuja pamoja kumwomba Dada Fyuzi avute waya wowote tu ili mbao zifungwe, na habari ya paneli wataimalizia njiani.

Dada Fyuzi aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia kwamba asipojua paneli ni ngapi hajui ampea ni ngapi, na asipojua ampea hachagui waya, awe anayeomba ni nani. Waende nyumbani wakakubaliane.

Mama Pacha aliondoka akilalamika. Mzee alitoka nyuma yake akitabasamu mpaka getini, na walinzi wanasema walimsikia akirudia maneno yale neno kwa neno, kama mtu anayehakiki hesabu na kuikuta sahihi.

Wakiamua ni mbili au ni tatu, tutawaandikia. Safari hii hatutanyamaza miezi mitano.